Deni la Kisangani: Wanawake, Vita na Haki Iliyokawia Tangu 1883

Saa kumi na mbili asubuhi ya Novemba 24, 1964, askari wa miamvuli wa Ubelgiji wapatao 320 walianza kushuka kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji ambao siku hizo uliitwa Stanleyville na leo unaitwa Kisangani. Waliletwa na ndege za C-130 za jeshi la Marekani, na kazi waliyotumwa ilikuwa moja: kuwatoa Wazungu na wageni wengine walioshikwa mateka na waasi wa Simba. Baadhi ya mateka waliuawa kwa risasi barabarani kabla askari hawajawafikia. Wengine, kwa mamia, walipandishwa ndege Simi-Simi na kupelekwa Léopoldville. Siku mbili baadaye operesheni ya namna hiyohiyo ilifanywa Paulis, mji ambao leo ni Isiro. Wageni wakachukuliwa, askari wakaondoka.

Usiku wa kuamkia Desemba 1, katika mji huohuo wa Isiro, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu, mzaliwa wa Wamba mwenye umri wa miaka 24, aliuawa kwa amri ya kanali wa Simba aliyetaka kumlazimisha alale naye. Yeye na masista wenzake hawakuwa na ndege ya kuwajia.

Matukio haya mawili, yaliyopishana kwa siku chache tu, yanaonyesha jambo linalojirudia katika historia yote ya Kisangani. Kila dola iliyofika kwenye maporomoko haya, iwe kwa mtumbwi, kwa stima au kwa ndege, iliwafanya wanawake kuwa rehani. Walifungwa ili waume walete mpira. Walitolewa kuwa ujira wa askari. Walibakwa ili mtaa mzima uingiwe na hofu. Na vita vilipokwisha, wanaume wenye silaha waliketi wakafanya hesabu, wakagawana vyeo, na deni la wanawake likabaki nje ya daftari. Makala hii inalifuata deni hilo kwa zaidi ya miaka 140, hadi mahali lilipofika leo: ofisi za fidia mjini Kisangani kwenyewe.

Mwanamke aliyekimbilia kituoni

Henry Morton Stanley alipoanzisha kituo kwenye maporomoko ya Boyoma mnamo Desemba 1883, hakukuta nchi tupu. Wagenya walikuwa wakivua kwa mitego yao ya miti katikati ya maji yanayokimbia, na kutoka upande wa juu wa mto Lualaba walikuwa wamekwisha kushuka wafanyabiashara wa Zanzibar na watu wao wa Nyangwe na Kasongo. Walitafuta pembe za ndovu, na walichukua watu. Kiswahili kilifika Kisangani kwa njia hiyo. Lugha tunayoipenda, inayotuunganisha kutoka Mombasa hadi Boyoma, ilishuka mto pamoja na minyororo, na wengi waliobeba minyororo hiyo walikuwa wanawake na watoto. Wanaume waliopinga waliuawa. Wanawake walipelekwa mashambani, jikoni, safarini kubeba mizigo, na vitandani mwa waliowateka.

Mwaka 1886 mwanamke mmoja mtumwa alitoroka kwa bwana wake akakimbilia kituo hicho cha Stanley, kilichoitwa Stanley Falls. Msimamizi wa kituo, Mwingereza Walter Deane, alikataa kumrudisha. Agosti mwaka huo wafanyabiashara wakakishambulia kituo. Risasi zilipokwisha, Deane na mwenzake Dubois walikichoma moto na kukimbia. Dubois alikufa maji. Habari zikafika Ulaya, na jibu la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji likawa la kibiashara: Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley alitiliana mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, akamfanya liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme, kwa mshahara wa kila mwezi. Wakubwa walipatana. Vitabu vinavyosimulia kisa hiki vinawataja Deane, Dubois, Leopold na Tippu Tip kwa majina. Mwanamke aliyekuwa chanzo cha yote anatajwa kwa hali yake tu, mtumwa aliyekimbia. Katika mkataba wa Zanzibar hakuna aliyeketi kwa ajili yake.

Mwaka uliofuata mkataba huo yakatokea mengine kwenye mto Aruwimi, kaskazini mwa maporomoko. Meja Edmund Barttelot, aliyeachwa na Stanley kuongoza kikosi cha nyuma cha msafara wake, alijulikana kwa ukatili wa fimbo. Alfajiri ya Julai 19, 1888, huko Unaria, ambako leo ni Banalya, alitoka kwa hasira kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba. Mume wa mwanamke huyo, Sanga, akampiga risasi akafa. Sanga alihukumiwa Stanley Falls na kuuawa. Hapa pia tunalo jina la meja na jina la mume. Mwanamke alibaki mjane, na kumbukumbu zikamwacha hapo.

Mpira na nyumba za mateka

Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leopold yaliwashinda wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, na ushindi huo ukatangazwa Ulaya kuwa mwisho wa utumwa. Kwa wanawake wa msituni ulikuwa mwanzo wa utumwa wa aina nyingine. Dola Huru ya Kongo, dola ya Leopold mwenyewe, ilitaka mpira wa porini, na mpira hukusanywa na mtu anayeingia msituni kwa siku nyingi. Mlinzi hawezi kumfuata kila mtu kwenye mitambaazi ya msitu. Kwa hiyo dola ilipata njia rahisi: kuwakamata wanawake wa kijiji na kuwafungia, hadi waume zao warudi na uzito uliotakiwa.

Haya hayakuwa makosa ya afisa mmoja mlevi. Yalikuwa utaratibu. Kitabu cha mwongozo walichopewa mawakala wa dola kilikuwa na maelekezo ya namna ya kukamata mateka. Vituo vilikuwa na nyumba maalumu za kuwafungia. Ndani ya nyumba hizo wanawake walikufa kwa njaa na magonjwa, na walinzi waliwafanyia walivyotaka. Wale wasiofungwa walilazimishwa kulisha vituo: kwanga, samaki, mihogo, kila baada ya siku kadhaa, hata kama watoto wao walilala njaa. Na askari wa Force Publique, jeshi la dola hiyo, walipopeleka vita kwenye kijiji, wanawake walioshikwa waligawiwa kwao kuwa wake, sehemu ya ujira wa kazi.

Ripoti ya Roger Casement ya 1904, kampeni ya Edmund Morel, na tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuiunda mwaka huohuo, zote zilithibitisha kwamba mateka walikuwepo. Picha za mikono iliyokatwa zilizunguka dunia nzima, na ni haki zikumbukwe. Lakini nyumba ya mateka haikupigwa picha nyingi, na ubakaji uliofanyika ndani yake haukupigwa picha kabisa. Ndiyo maana hadi leo mtu akiulizwa mateso ya enzi ya mpira atataja mikono, na atasahau kwamba mtambo mzima uliendeshwa kwa kuwafunga wanawake.

Kodi ya mwanamke asiye na mume

Mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme. Mateka wa mpira wakapungua, kisha wakaisha. Serikali mpya na misheni zilijenga hospitali, shule na reli, na wapo wanawake waliojifungua salama kwa sababu hiyo: Yakusu, chini kidogo ya Stanleyville kwenye ukingo wa mto, misheni ya Wabaptisti wa Uingereza ilikuwa na hospitali iliyojulikana kote Kongo. Hilo ni kweli na linastahili kusemwa. Lakini utawala ulimwona mwanamke kama mali ya mtu fulani: ya baba, ya chifu, ya mume au ya misheni. Asiyekuwa na bwana alikuwa tatizo. Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji, Stanleyville ikiwemo, mwanamke aliyeishi peke yake, mjane, aliyeachika au mchuuzi, alitozwa kodi yake ya pekee, na machoni pa karani aliyeipokea akahesabiwa karibu sawa na malaya. Wakati huohuo, kilimo cha lazima cha pamba, kilichoanza 1917, kiliangukia mgongo wa mke, ingawa jina lililoandikwa kwenye daftari la mavuno lilikuwa la mume.

Jeraha jingine la enzi hiyo lilifika mahakamani kizazi chetu tukiona. Watoto waliozaliwa na baba Wazungu na mama Wakongomani walinyang'anywa mama zao na kuwekwa kwenye misheni, kwa sera ya serikali. Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Brussels. Wanawake watano waliochukuliwa Kasai wakiwa watoto wadogo hawakuridhika na radhi tupu. Walikwenda mahakamani, wakashindwa mara ya kwanza, wakakata rufaa. Desemba 2, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba dola ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu na kuwapa fidia. Mabibi hao walikuwa na miaka zaidi ya 70. Kesi yao imethibitisha jambo moja kubwa: deni la mwanamke halifi kwa kupitwa na miaka, ikiwa mwenyewe amekataa kulisamehe bila kuulizwa.

Mwaka wa Simba

Uhuru ulipokuja, Stanleyville ulikuwa mji wa Patrice Lumumba, aliyewahi kufanya kazi katika posta ya hapa. Alipouawa Januari 1961, mkewe Pauline Opango aliandamana kifua wazi katika mitaa ya Léopoldville akidai mwili wa mumewe auzike. Hakupewa. Katika hasira iliyofuata mauaji hayo ndimo uasi wa Simba ulimoota, na Agosti 1964 Stanleyville ukaanguka mikononi mwao.

Simba walikuwa vijana wa vijijini waliosalitiwa na uhuru, na sababu za hasira yao zilikuwa za kweli. Lakini mji walioutawala kwa miezi mitatu uliona mauaji ya hadharani mbele ya mnara wa Lumumba, na misheni za kaskazini mashariki ziliona ubakaji. Daktari Mwingereza Helen Roseveare wa Nebobongo alibakwa na kupigwa, naye akasimulia hadharani baadaye, katika zama ambazo wanawake wachache sana walithubutu. Aliokolewa, akarudi Kongo mwaka 1966 kuendelea kutibu. Ushujaa wake ni wa kweli. Ni kweli pia kwamba simulizi yake ilichapishwa, ikasomwa, ikatafsiriwa, na simulizi za wauguzi, wanafunzi na mama wa vijijini waliopitia hayohayo hazikupata mchapishaji.

Anuarite peke yake ndiye aliyevuka ukuta huo, na alivuka akiwa maiti. Alichukuliwa pamoja na masista wenzake kutoka nyumba ya watawa ya Bafwabaka Novemba 29, wakafikishwa Isiro, na huko Kanali Pierre Olombe akamtaka. Alikataa, akapigwa, akachomwa visu vya bunduki, akapigwa risasi. Agosti 15, 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri. Waumini wanakumbuka kwamba alimsamehe muuaji wake. Tukumbuke pia, kwa uzito uleule, neno lililotangulia msamaha: alikataa. Mara nyingi tumewahubiria wanawake wetu msamaha wake kuliko kukataa kwake.

Askari wa serikali na mamluki walioingia Stanleyville siku ileile ya miamvuli ya Simi-Simi walilipiza kisasi mitaani kwa wiki kadhaa. Wakongomani wengi waliuawa. Kwa wanawake wa mitaa hiyo ukombozi ulimaanisha kubadilishana askari mlangoni.

Ngoma za chama, sheria ya mume

Utawala wa Rais Mobutu uliwapa wanawake haki ya kupiga kura na mwaka 1966 ukamweka Sophie Kanza kuwa waziri wa kwanza mwanamke. Uliwapanga pia kwa safu viwanjani, wakiwa wamevaa vitenge vyenye uso wa rais, wakicheza na kuimba sifa zake, iwe wanataka au hawataki. Na mwaka 1987 Sheria ya Familia iliandika waziwazi kwamba mke ana wajibu wa kumtii mume, na kwamba anahitaji ruhusa yake kwa mambo ya kisheria yanayomfunga. Mama wa Kisangani aliyelisha familia kwa kuuza samaki, mawese na kuku sokoni hakuweza kusimama mbele ya hakimu bila idhini ya mume ambaye pengine hakuwa na kazi. Kifungu hicho kilidumu hadi marekebisho ya Julai 2016. Vita vya miaka ya tisini viliwakuta wanawake katika hali hiyo, wamekwisha kupokonywa sauti na sheria ya amani.

Mji uliopiganiwa na majeshi ya wageni

Machi 15, 1997, Kisangani iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila na washirika wake wa Rwanda. Askari wa Mobutu waliokimbia walipora na kubaka katika miji waliyopitia. Mwezi uliofuata, kusini mwa mji, kando ya reli ya kwenda Ubundu, kambi za wakimbizi wa Kihutu kutoka Rwanda za Kasese na Biaro zilishambuliwa. Makumi ya maelfu walikuwa humo, wengi wao wanawake na watoto waliodhoofika kwa miezi ya kutembea msituni. Maiti zilizikwa kwa siri na nyingine zilichomwa.

Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na Rwanda na Uganda zikaingia Kisangani pamoja kama marafiki. Mji huu ulikuwa soko la almasi, na urafiki haukudumu. Walipigana Agosti 1999, wakapigana Mei 2000, kisha wakapigana kwa siku sita, Juni 5 hadi 10, mwaka 2000. Makombora zaidi ya 6,600 yalirushwa juu ya nyumba za watu, katika mji wa nchi isiyokuwa ya yeyote kati yao. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Familia zilijifungia bila chakula, na akina mama walilazimika kuchagua kati ya kiu ya watoto na risasi zilizokuwa njiani kuelekea mtoni. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa ya 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, inaweka idadi ya raia waliokufa katika siku hizo kuwa kati ya 244 na 760. Tazama upana wa pengo hilo. Kama maiti, ambazo huonekana, zimeshindwa kuhesabiwa, mwanamke aliyebakwa chumbani na kunyamaza amehesabiwa na nani?

Baada ya Uganda kuondoka, mji ulibaki kwa RCD-Goma, kundi lililoungwa mkono na Rwanda. Asubuhi ya Mei 14, 2002, askari walioasi waliteka redio na kuwataka wananchi wawafukuze Wanyarwanda. Uasi ulizimwa siku ileile, na kisasi kikaanza. Wilaya ya Mangobo, iliyojulikana kwa upinzani, ilivamiwa: raia wakauawa, nyumba zikaporwa, wanawake wakabakwa. Usiku, kwenye daraja la Tshopo, wafungwa waliuawa, na maiti zao zikatiwa mifukoni pamoja na mawe na kutupwa mtoni. Siku zilizofuata mto ulizirudisha. Askari wa Umoja wa Mataifa wapatao 1,000 walikuwa mjini na hawakuingilia.

Tunayajua haya kwa sababu watu wa Kisangani walikataa yazikwe. Watetezi wa haki wa Groupe Lotus, shirika la mji huu, waliandika ushuhuda huku wakitishwa. Human Rights Watch ilichapisha ripoti mbili mwaka huo, ya Juni kuhusu ubakaji katika Kongo ya mashariki, na ya Agosti kuhusu Kisangani. Makamanda waliotajwa katika ripoti ya Agosti walikuwa ni pamoja na Laurent Nkunda na Gabriel Amisi. Amani iliposainiwa, wote wawili walipewa ujenerali katika jeshi jipya la taifa. Nkunda baadaye aliasi tena. Amisi alipanda hadi ngazi za juu kabisa. Hakuna aliyehukumiwa kwa yaliyotokea Mangobo. Ni hesabu ileile ya 1887: wenye silaha walipatana, na kilichofanywa kwa wanawake hakikuwa kizuizi cha cheo.

Nao waliotumwa kulinda amani hawakuwa wasafi. Kashfa za askari wa Umoja wa Mataifa kuwatumia wasichana wa Kongo kingono, kwa dola moja au kwa chakula, zililazimisha umoja huo kutoa ripoti yake ya aibu mwaka 2005.

Sheria nzuri, njia ndefu

Mtu asiseme Kongo haina sheria. Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 15, inaiagiza serikali iondoe ukatili wa kingono, na inautaja kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu unapokusudiwa kuvunja familia na kufuta watu. Julai 20, 2006, zilitiwa saini sheria mbili, namba 06/018 na 06/019. Zinaeleza ubakaji kwa mapana na kuweka adhabu ya miaka 5 hadi 20. Zinataka uchunguzi wa awali umalizike kwa mwezi mmoja na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Zinasema malipo ya faini hayafuti kesi.

Kifungu hicho cha faini ndicho kinachogusa maisha ya kila siku. Baada ya vita, ubakaji haukubaki kazi ya mtu mwenye sare. Jirani, mwalimu, mchungaji, mjomba, wote wamo kwenye kesi zinazofika vituo vya afya. Na familia nyingi huchagua kumalizia jambo nyumbani: wazee wanaketi, mbuzi na fedha zinatajwa, pengine binti anaozwa kwa aliyemuumiza, na baba anapokea fidia ya heshima yake. Mwenyewe aliyeumizwa haulizwi. Tunapowalaumu Leopold na majenerali, na tuwalaumu kweli, tuseme pia kwamba mkataba wa Zanzibar unasainiwa upya chini ya miembe yetu, kila wazee wanapopokea mbuzi kwa mwili wa mtoto wao.

Wanaokwenda mahakamani hukuta njia ndefu. Mwanamke wa Opala au Bafwasende akibakwa, barabara ya kufika Kisangani ni matope, mtumbwi unataka nauli, cheti cha daktari kina bei yake, na akishinda kesi, hukumu ya fidia hubaki karatasi. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, amerudia kwa miaka mingi kwamba haiwezekani kuendelea kushona majeraha huku wanaoyasababisha wakitembea huru. Desemba 2022 ilitoka sheria inayowapa waathirika wa ukatili wa kingono wa vita haki ya kufidiwa na taifa, na mfuko wa kazi hiyo, FONAREV, ukaundwa. Ni hatua kubwa kwenye karatasi.

Hesabu ya The Hague

Kisangani ina kitu ambacho miji mingi iliyovunjwa na vita haina: hukumu ya mahakama ya juu kabisa ya dunia. Desemba 19, 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa katika Kongo. Februari 9, 2022, baada ya mazungumzo ya miaka mingi kushindwa, mahakama hiyo iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa mikupuo mitano ya kila mwaka: milioni 225 kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Ubakaji umetajwa ndani ya zile 225. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huu, miili ya wanawake imeingizwa kwenye hesabu ya dola dhidi ya dola.

Lakini soma jinsi ilivyoingizwa. Mahakama ilisema ushahidi uliopo hauwezeshi hata makadirio ya jumla ya idadi ya waliobakwa, kwa sababu uhalifu huu hauripotiwi ipasavyo; ikatoa kiasi cha pamoja. Almasi na dhahabu zilikuwa na hati za mauzo. Wanawake hawakuwa na hati. Na upande wa Rwanda hakuna hesabu kabisa: Februari 2006 mahakama ileile ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Mama aliyebakwa Mangobo mwaka 2002 na askari wa RCD hana hukumu ya The Hague ya kushika mkononi.

Uganda ilianza kulipa mwaka 2022. Mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, uliwekewa makao yake Kisangani, na ulistahili kuwa fahari ya mji. Badala yake umezungukwa na malalamiko na uchunguzi. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu cha kazi ya kulazimishwa kwa ubadhirifu wa takriban dola milioni 19, zilizotoka kwenye fedha za fidia kwa ajili ya kujenga gereza Kisangani. Alikana makosa hadi mwisho. Lakini hata gereza hilo lingejengwa kwa uaminifu kamili, swali lingebaki: nani alimuuliza mjane wa Vita ya Siku Sita kama anataka fedha yake igeuzwe ukuta wa jela?

Kinachodaiwa sasa

Mateso hayajaisha. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya mto katika Lubunga na vijiji vyake, umeua watu wengi na kuwasukuma maelfu hadi kambi za Kisangani, wengi wao wanawake na watoto. Mkoa wa Tshopo ulikuwa wakati huo na gavana wake wa kwanza mwanamke, Madeleine Nikomba, aliyechaguliwa 2022. Cheo cha mwanamke mmoja, hata kikiwa cha haki, hakitoshi kuwalinda wengine kama dola yenyewe haijabadilika. Na Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, wanawake zaidi ya 160 katika gereza la Munzenze walibakwa na wafungwa waliokuwa wakitoroka, na wengi wao wakafa kwa moto.

Basi madai ni haya, na hayahitaji mkutano mwingine wa kimataifa. Orodha za FRIVAO zibandikwe kwa kanuni inayojulikana, na kiasi kilichopokelewa na kilichotolewa kitangazwe kila mwaka Kisangani, kwa Kiswahili na Lingala, lugha za wanaolidai deni hilo. Mwanamke aliyebakwa asidaiwe cheti cha daktari cha mwaka 2000, mwaka ambao hospitali zenyewe zilikuwa zikipigwa makombora. Ushuhuda wake, wa majirani na wa mashirika yaliyoandika wakati ule ukubaliwe, kwa siri inayomlinda. Malipo yaingie mikononi mwake mwenyewe, yasipitie kwa mume, kaka au chifu. Waathirika wa Mangobo, ambao The Hague haiwezi kuwasikiliza, wapokelewe na FONAREV bila kuzungushwa. Na waliotajwa katika ripoti za 2002 wafikishwe mbele ya mahakama ya Kongo, jenerali au asiye jenerali, kwa sababu fidia bila hukumu ni bei, na bei ndiyo waliyotozwa wanawake hawa tangu siku ya kwanza.

Mabibi watano wa Kasai walisubiri zaidi ya miaka 70 kabla ya mahakama kusema walidhulumiwa. Wanawake waliopitia Juni 2000 wakiwa wasichana bado wako sokoni, mashambani, mitaani Tshopo na Kabondo. Wako hai, wanakumbuka, na wanaweza kuulizwa leo. Dola itakayowalipa wangali hai itakuwa ya kwanza, kati ya zote zilizotawala kwenye maporomoko haya, iliyofunga hesabu zake pamoja nao.